Wasichana wa Shambani na Mpenzi Aliyepotea: Saga za Vita za Waingereza Zinavyojengwa

Jalada lake utalitambua ukiwa mbali na rafu. Msichana amefunga kitambaa kichwani, nyuma yake kuna mashamba ya kijani, na juu kwenye mawingu zinapita ndege mbili tatu za kivita. Ukikifungua kitabu utakuta mwaka ni 1940 au 1941. Msichana wa mjini anapelekwa kijijini kulima, anapendana na kijana mwenye sare, kijana anaondoka, habari zake zinakatika, na msomaji anabebwa kurasa mia nne kabla ya kujua kama wawili hawa wataonana tena. Hizi ndizo saga za vita za Uingereza, riwaya ndefu za miaka na familia, na hao wasichana ni wale wa Women's Land Army, jeshi la wanawake lililolima nchi hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Anayezipitia juujuu huziona hadithi za mapenzi zilizotiwa matope kidogo. Mimi naziheshimu zaidi ya hapo, na nitaeleza kwa nini. Kila kikwazo kinachowatenga wapenzi ndani ya saga nzuri kina mzizi katika sheria fulani, mshahara fulani, fomu fulani ya serikali au amri fulani ya jeshi. Barua inachelewa, mchumba anadhaniwa amekufa, mtoto anafichwa, mateka wa kivita anapendwa kwa siri: asiyeijua mizizi ya mambo hayo huona mikosi imerundikwa ili kuliza watu. Anayeijua huona nchi nzima ikipita ndani ya maisha ya msichana mmoja.

Jeshi lisilo na bunduki

Kabla ya vita Uingereza ilikuwa ikiagiza zaidi ya nusu ya chakula chake kutoka ng'ambo: ngano ya Kanada, nyama ya Argentina, siagi ya New Zealand. Chote kilikuja kwa meli, na nyambizi za Wajerumani ziliziwinda meli hizo katika Atlantiki. Nchi ingeweza kushindwa bila askari hata mmoja wa adui kukanyaga ufuoni, kwa njaa tu. Serikali ikaamua kila kipande cha ardhi kilimwe. Mkulima alilipwa pauni 2 kwa kila ekari ya malisho aliyoigeuza kuwa shamba, na kila kaunti ikapewa kamati ya kilimo ya wakati wa vita, yenye mamlaka ya kumwamuru apande nini na hata kumwondoa shambani akionekana mzembe. Mgawo wa chakula ulianza Januari 1940 kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe, na haukuisha kabisa hadi Julai 1954. (Uhaba huohuo wa mafuta ya kula ndio uliowaleta Waingereza Kongwa, Urambo na Nachingwea mwaka 1947 na mpango wao wa karanga ulioanguka vibaya. Wazee wa Tanganyika walikuwa wakivuna matokeo ya friji tupu za London.)

Shida ilikuwa watu. Vijana wa kiume walikuwa wanakwenda jeshini, na wengine walivutwa na viwanda vilivyolipa vizuri kuliko shamba. Ndipo likafufuliwa jeshi la wanawake lililokuwa limeundwa mwaka 1917, katika vita vya kwanza, na kuvunjwa mwaka 1919. Lilirudi Juni 1939, miezi mitatu kabla vita havijatangazwa, chini ya Lady Gertrude Denman. Mama huyu alikuwa ameongoza vyama vya wanawake wa vijijini kwa zaidi ya miaka ishirini, akajua vijiji na wakulima wake, akaigeuza nyumba yake ya Balcombe Place huko Sussex kuwa makao makuu ya jeshi hilo.

Mwanzoni walijiunga kwa hiari. Desemba 1941 Bunge likapitisha sheria ya kuwaandikisha kwa lazima wanawake wasioolewa na wajane wasio na watoto, kuanzia miaka 20 hadi 30. Wangeweza kwenda kwenye vikosi vya wanawake jeshini, viwandani, au shambani. Kufikia 1943 wasichana wa shambani walikuwa zaidi ya 80,000, na hadi jeshi lilipovunjwa mwaka 1950 zaidi ya wanawake 200,000 walikuwa wamepita humo. Karibu theluthi moja walitoka London na miji ya viwanda ya kaskazini. Walikuwa wasusi, wauza duka, makarani, mabinti wa viwanda vya nguo. Wengi wao hawakuwahi kumgusa ng'ombe. Kwa hiyo saga inapoanza na msichana ameshuka stesheni ndogo ya reli, viatu vyake havifai na sanduku linamlemea, hakuna kilichotiwa chumvi.

Jina la jeshi, hata hivyo, lilidanganya. Hawa hawakuwa askari. Mwajiri wao alikuwa mkulima, na mshahara wa chini mwanzoni mwa vita ulikuwa shilingi 28 kwa wiki, ambazo nusu yake, shilingi 14, ilikatwa kwa chakula na malazi. Mwanamume wa kazi ileile alipata kama shilingi 38. Likizo walizipata kwa huruma ya mwenye shamba, na ng'ombe hajui Jumapili. Kwa msomaji wa saga hesabu hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mchumba akipata saa arobaini na nane za ruhusa kabla ya kusafirishwa ng'ambo, msichana yuko maili mia mbili kutoka bandarini, nauli hana, na mavuno yamefika. Waagane vipi? Kuagana kusikofanyika ndicho kidonda ambacho saga nyingi hukizunguka hadi mwisho.

Kazi yenyewe iliwavunja migongo. Waliamka saa kumi na moja alfajiri kukamua. Waliendesha trekta za Fordson zisizo na paa wala ukuta wa kuzuia upepo. Walisimama kwenye vumbi la mashine ya kupuria ngano hadi macho yakavimba, wakang'oa viazi na viazisukari kwenye udongo ulioganda kwa baridi ya Januari, wakazibua mitaro, wakapogoa nyua za miti. Wapo waliofundishwa kuua panya, ikawa ndiyo kazi yao ya kila siku, kwa kuwa panya walikuwa wanakula nafaka ambayo mabaharia walikufa kuileta. Kuanzia 1942 wengine walipelekwa misituni katika Women's Timber Corps kuangusha miti ya nguzo za migodi ya makaa. Sare yao ilikuwa sweta ya kijani, shati la kaki iliyofifia, kofia ya kahawia na suruali za kupandia farasi zinazobana chini ya goti. Suruali hizo peke yake zilitosha kuwafanya wazee wa vijijini wawatazame vibaya kanisani.

Kwa nini huwa ni wasichana watatu au wanne

Kinachoitofautisha saga na hadithi ya kawaida ya mapenzi ni muda na idadi ya watu. Hadithi ya mapenzi inataka wawili na kizuizi kimoja. Saga inataka miaka, familia, mtaa au kijiji, na mwanamke anayevumilia mambo ambayo yangemwangusha mwingine. Mizizi yake iko katika riwaya za maisha ya mafukara wa kaskazini mwa Uingereza, ambazo malkia wake ni Catherine Cookson, aliyezaliwa Tyne Dock mwaka 1906 bila ndoa ya wazazi, akalelewa akiamini kwamba bibi yake ndiye mama na mama yake ni dada. Kwa miaka mingi hakuna mwandishi ambaye vitabu vyake viliazimwa kuliko vyake katika maktaba za umma za Uingereza. Aliwaachia waandishi wa saga urithi wa mambo matatu: umaskini usiopambwa, siri ya uzazi, na mwanamke asiyepewa chochote bure. Waliomfuata waliyachukua hayo wakayapeleka kwenye miaka ya vita.

Vita viliwapa kitu ambacho umaskini wa kawaida haukuwa nacho: nyumba ya kuwachanganya wanawake wa tabaka zote. Baadhi ya wasichana waliwekwa nyumbani kwa wakulima au vibanda vya wafanyakazi, lakini kufikia mwaka 1944 wapatao 22,000 walikuwa wakiishi katika mabweni karibu 700, mengi yakiwa majumba makubwa yaliyochukuliwa na serikali au mabanda yaliyojengwa harakaharaka. Katika bweni binti wa hakimu alilala kitanda cha pili kutoka kwa binti wa mpakua mizigo wa Liverpool, wakagawana maji ya kuoga na kusomeana barua. Waingereza wa wakati ule waliishi wakitengwa na lafudhi, shule na kazi ya baba. Wasichana hawa wasingekutana popote pengine.

Kwa hiyo ukikuta saga yenye msichana wa tabaka la juu anayekimbia ndoa aliyopangiwa, mwingine wa mtaa wa mafukara, na wa tatu mkimya mwenye siri, usiharakishe kusema mwandishi amenakili mwenzake. Bweni ndilo lililonakiliwa. Na kuna faida ya kisanaa: wakiwa watatu au wanne, vita vinaweza kumtendea kila mmoja tofauti. Mmoja ataletewa habari ya kifo, mmoja atasubiri, mmoja atapenda asiyeruhusiwa kumpenda. Hakuna msichana mmoja anayeweza kubeba yote hayo akaendelea kuaminika.

Telegramu ilikwenda kwa nani

Hapa ndipo penye moyo wa saga, na ndipo msomaji wa leo anapopotea zaidi, kwa kuwa sisi tumezoea kupata habari kwa dakika.

Taarifa za jeshi kwa familia zilikuwa na ngazi. Kijana angeweza kuripotiwa ameuawa. Angeweza kuripotiwa ametekwa. Au familia iliambiwa tu kwamba hajulikani alipo. Taarifa hii ya tatu ndiyo iliyozaa saga nyingi kuliko tukio lingine lolote la vita. Telegramu yenyewe ililetwa na kijana wa posta kwa baiskeli, na mtaa mzima ulimtazama ataegesha mlango upi.

Ilikwenda kwa ndugu wa karibu aliyeandikwa kwenye kumbukumbu za askari: mke, na kama hana mke, mzazi. Mchumba hakuhesabika. Msichana aliyepewa pete usiku wa mwisho wa ruhusa, bila wazazi wa kijana kujua, hakuwa mtu mbele ya wizara. Angeendelea kuandika barua hadi zirudi na mhuri, au hadi mama mkwe mtarajiwa aamue kumwambia. Kumbuka hili unapokutana na yule mama wa kijana, mkali na mwenye majivuno, anayekalia telegramu au barua kwa miezi. Msomaji humchukia, na mwandishi amekusudia achukiwe. Ila mamlaka yale mama huyo hakujitwalia. Alipewa na utaratibu wa serikali.

Vipi kuhusu rubani anayedhaniwa amekufa, kisha anatokea akichechemea kwenye njia ya shamba? Ni tukio linalochekwa sana na wasiozipenda riwaya hizi. Tuitazame hesabu. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza kilikuwa na warushaji ndege na wenzao wa ndani ya ndege wapatao 125,000 katika vita nzima, na 55,573 waliuawa. Ndege ilipoanguka Ulaya usiku, walioko nyumbani walichojua ni kwamba haikurudi. Wengine ndani yake walikuwa wameruka kwa mwavuli. Wengine walitekwa, na majina yao yakachukua wiki au miezi kupitia Msalaba Mwekundu. Wengine walifichwa na raia wa Ubelgiji na Ufaransa katika njia za siri kama ile ya Comet, iliyoanzishwa mwaka 1941 na msichana wa Kibelgiji, Andrée de Jongh, iliyowavusha kwa miguu milima ya Pyrenees hadi Hispania. Baada ya miezi sita ya ukimya jeshi la anga lilimhesabu mtu kuwa amekufa. Mtu aliyefichwa darini Brussels miezi saba alikuwa, kwa karatasi za London, maiti. Kurudi kwake hakuhitaji muujiza.

Mashariki ya Mbali hali ilikuwa mbaya zaidi, na waandishi wazuri wa saga wanalijua hilo. Divisheni ya 18 ya Uingereza ilikuwa na vijana wengi wa kaunti za kilimo za mashariki, Norfolk, Suffolk na Cambridgeshire, mashamba yaleyale yaliyopokea wasichana kutoka mjini. Vikosi vyake vilifika Singapore Januari na mwanzoni mwa Februari 1942. Tarehe 15 Februari mji ulisalimu amri, na askari wapatao 80,000 wa Uingereza, India na Australia wakaingia mikononi mwa Wajapani. Kijiji kizima kiliweza kupoteza vijana wake kwa siku moja bila kujua nani yu hai. Familia nyingi zilisubiri zaidi ya mwaka kupata neno lolote, na lilipokuja lilikuwa kadi iliyochapwa tayari, yenye nafasi ya kuweka jina na kukata sentensi zisizohusika. Mateka zaidi ya 60,000 walipelekwa kujenga reli ya Thailand na Burma, na wapatao 12,000 walifia huko.

Mwandishi anapomfanya kijana wa Norfolk aseme, Oktoba 1941, kwamba wanapelekwa mahali penye jua, msomaji anayezijua tarehe anaganda. Msichana anafurahi kwamba mpenzi wake hataenda kwenye theluji. Hiyo ndiyo nguvu ya pekee ya riwaya hizi: msomaji ana kalenda mkononi na mhusika hana. Hakuna haja ya mwandishi kutisha. Tarehe iliyoandikwa juu ya sura inatosha.

Na msomaji wa Afrika Mashariki anayo sababu yake ya kuganda. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, mabaharia, wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Tarehe 12 nyambizi ya Wajapani iliizamisha karibu na Maldives, ikaenda chini kwa dakika chache, na karibu watu 1,300 walikufa. Majina ya askari wa Kiafrika waliozama yamo katika mnara wa kumbukumbu kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Wake na wachumba wao nao walikuwa wakilima, wakisubiri fedha za posta na neno kutoka kwa karani wa wilaya. Shaaban Robert aliviimba vita hivyo katika utenzi wa maelfu ya beti, lakini riwaya ya yule mwanamke aliyebaki na jembe bado tunaidai.

Kurudi nako kuna hesabu yake. Sheria ya ndoa ya Uingereza ya mwaka 1937 ilimruhusu mtu kuomba mwenzi wake ahesabiwe amekufa baada ya miaka saba ya ukimya, na kwa wajane wa vita uthibitisho wa jeshi ulifungua njia mapema zaidi. Wapo walioolewa tena. Wapo waliosubiri, na aliyerudi akawa mtu mwingine, mwembamba, mwenye jinamizi la usiku, asiyetaka kuguswa. Mwaka 1947 talaka Uingereza na Wales zilifika karibu 60,000, wakati kabla ya vita hazikufika 10,000 kwa mwaka. Saga inayomrudisha mpenzi na kufunga kitabu kwenye busu imeishia pale hadithi ngumu inapoanzia. Bora zaidi ni zile zinazompa msichana chaguo kati ya aliyempenda mwaka 1940 na mtu aliyebaki naye shambani akishika jembe, kisha zikakataa kumfanya mmoja wao mbaya ili kurahisisha mambo.

Wageni kwenye ua wa shamba

Mpenzi aliyepotea si lazima awe Mwingereza. Waitaliano waliotekwa Afrika ya Kaskazini walianza kuletwa kufanya kazi mashambani mwaka 1941. Wengi walikuwa wakulima, walijua kuimba, walitengeneza vikapu na vidude vya mbao kwa ajili ya watoto wa shamba, na Italia iliposalimu amri Septemba 1943 wengi walipewa uhuru mkubwa zaidi wa kutembea. Baadaye wakaja Wajerumani, ambao idadi yao mwaka 1946 ilifika kama 400,000, wakabaki wakilima miaka miwili mitatu baada ya vita kwisha. Kwao ndoa na wanawake wa Kiingereza ilikatazwa hadi Julai 1947. Katazo lilipoondolewa zilifungwa ndoa 796. Fikiria msichana aliyepoteza kaka yake mwaka 1944 na anayempenda mtu wa upande uliomuua kaka. Mwandishi hahitaji kuongeza kitu.

Wamarekani walianza kushuka Januari 1942, na kabla ya kuvuka kwenda Normandy walikuwa karibu milioni moja na nusu. Wanawake wa Kiingereza wapatao 70,000 waliishia kuwa wake zao ng'ambo. Askari alihitaji ruhusa ya mkuu wake ili aoe, na hapa kuna ukweli ambao saga za zamani ziliukwepa. Kati ya Wamarekani hao wapatao 130,000 walikuwa watu weusi, katika jeshi lililowabagua kwa sheria: kambi zao peke yao, siku zao za kwenda mjini peke yao. Wakuu wao waliwanyima ruhusa ya kuoa wazungu karibu katika kila kesi. Watoto wapatao 2,000 walizaliwa na mama Mwingereza na baba askari mweusi, wengi wao wakakulia katika nyumba za watoto bila kujua baba ni nani. Miongoni mwa mapenzi yote yaliyopotea katika vita vile, haya yalipotezwa kwa makusudi, kwa saini ya ofisa. Nafurahi kuona waandishi wa karibuni wameanza kuyaandika, na naudhika kwamba tulingoja muda wote huo.

Siri ya mtoto, ambayo karibu kila saga inayo, nayo imesimama juu ya sheria. Idadi ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa katika Uingereza na Wales iliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya 1939 na 1945. Msichana wa shambani akipata mimba aliondolewa kazini, na wengi walipelekwa nyumba za akina mama wasioolewa, wakanyonyesha wiki chache, kisha mtoto akachukuliwa. Sheria ya mwaka 1926 ilikuwa imeanzisha utaratibu wa kumwasili mtoto kisheria, na ilifunga mlango: mtoto hakuwa na njia ya kuona cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa. Sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyompa mtu mzima aliyeasiliwa haki ya kukiona. Ndiyo maana saga nyingi zina sehemu mbili za wakati, moja ya vita na moja ya miaka mingi baadaye, ambapo mwanamke wa makamo anabisha hodi akiwa na karatasi mkononi. Kabla ya sheria hiyo asingekuwa na karatasi ya kubisha nayo.

Palipo na uongo

Saga zina udhaifu, na mkubwa ni huu: zinaishia Mei 1945, bendera zikiwa madirishani. Kwa wasichana wenyewe Mei 1945 ilikuwa siku ya kazi. Nchi ilikuwa na njaa kuliko wakati wa vita. Mkate, ambao haukuwahi kuwekewa mgawo vita vikiendelea, uliwekewa Julai 1946. Jeshi lao liliendelea kulima hadi Novemba 1950.

Na serikali iliwasahau mapema. Ilipopanga viinua mgongo na mafunzo kwa watakaoachishwa kazi za vita, waliokuwa katika vikosi vya jeshi waliingizwa kwenye orodha, wasichana wa shambani wakaachwa nje. Lady Denman alibishana, akakataliwa, na Februari 1945 akajiuzulu. Nadhani hicho ndicho kitendo cha heshima kuliko vyote katika historia ya jeshi lile, na sijui kwa nini hakionekani zaidi katika riwaya. Msichana aliyetumikia miaka mitano aliondoka bila kiinua mgongo, akatakiwa kurudisha sehemu kubwa ya sare. Beji rasmi ya shukrani ilitolewa mwaka 2008, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Mnara wao katika bustani ya kumbukumbu za taifa huko Staffordshire ulizinduliwa mwaka 2014.

Kwa zaidi ya nusu karne, basi, aliyetaka kujua wasichana hawa walikuwa nani hakupelekwa na sherehe za kitaifa. Alikutana nao maktabani, kwenye rafu ya saga, au kupitia bibi yake. Walianza kujiandika wenyewe: gazeti lao la kila mwezi, The Land Girl, lililoanza Aprili 1940, lilichapa mashairi na barua zao juu ya ng'ombe wakaidi, upweke na matope. Kati ya 2003 na 2006 BBC ilikusanya kwenye mtandao kumbukumbu 47,000 za waliovipitia vita, na nyingi ni za wanawake waliokuwa hawajawahi kuulizwa na mtu. Hazina hiyo imebadilisha saga zenyewe. Katika zilizoandikwa tangu wakati huo utaona mikono iliyopasuka ikielezwa na mtu anayejua ni kidole kipi hupasuka kwanza kwa kukamua, utasikia shilingi zikihesabiwa, na mkulima anaweza kuwa mchoyo bila kuwa shetani.

Ukitaka kupima saga kabla ya kuinunua, tafuta sura ambayo hakuna mwanamume ndani yake. Kama wasichana wanafanya kazi hapo, wanachoka, wanagombania maji ya moto, na bado unataka kufungua ukurasa unaofuata, mwandishi huyo anawajua.